Eustadia na Mashine Inayolala

Siku Eustadia alipokuja kupanga chumba nyuma ya ghala langu la mpunga pale Isevya, aliniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mpangaji yeyote.

"Mama Renatus, nikifunga mlango nikaenda kwetu Lusu kusalimia, kodi nayo inasimama?"

"Kodi haina kwao," nikamwambia. "Inabaki hapa hapa kunisubiri mimi."

Alicheka mpaka akaegemea magunia. Nilidhani ananidharau. Baadaye nikaja kujua kwamba binti huyu hucheka kila anapotajiwa bei, kama wengine wanavyokuna kichwa. "Basi ghala lako ni la kizamani, mama," akasema. "Huko ninakokodi mimi, ukilala na mita inalala."

Nikampa chumba. Mtu anayejua mita inalala saa ngapi atalipa kodi tarehe yake.

Wazazi wake ni wakulima wa Lusu, huko Nzega, Wakatoliki wa kuamkia misa ya kwanza. Alisomea kompyuta Dodoma, akafanya kazi Dar es Salaam, halafu akarudi Tabora akisema amechoka kulipia joto. Kazi yake ni kuwaandalia watunga programu mahali pa kufanyia kazi zao. Hapo mwanzoni sikuelewa. Nilidhani anawatafutia meza.

Nitaeleza kama nilivyoelezwa. Programu ya simu, ile unayobonyeza ikakuonyesha salio au bei, yenyewe haikumbuki kitu. Kumbukumbu zinakaa kwenye hifadhidata, na hifadhidata ni ghala: kila kitu kina rafu yake, na yuko mlinzi anayejua kilipo. Watunga programu wa Tabora walikuwa kila mmoja na kighala chake ndani ya kompyuta yake. Ngollo ana chake, Elieth ana chake, na wenzao hivyo hivyo. Wakikutanisha kazi, hazipatani: huyu kaandika kijiji kwanza, yule kaandika jina kwanza. Halafu Ngollo akamwagia kompyuta yake uji wa ulezi, na ghala lake likafa papo hapo na kila kilichokuwamo.

"Tukodi ghala moja kwenye wingu," Eustadia akawaambia.

Neno wingu lisikutishe. Ni kompyuta za watu wengine, ziko mbali, unazikodi kama unavyokodi trekta. Ujanja wote uko kwenye kukodi, na sisi wa Tabora kukodi hatukuanza jana. Njia ya misafara ilipita hapa. Aliyetoka pwani kwenda Ujiji alichukua wapagazi wapya hapa, na wazee wetu husema kilichowafilisi matajiri wengi hakikuwa simba wala vita, ilikuwa ni posho ya wapagazi waliokaa kambini wakila bila kubeba.

Eustadia hakutaka mpagazi wa kukaa kambini. Akakodi mashine ndogo kuliko zote zilizokuwepo. Ndani yake akagawa vyumba, kila mtunga programu na chumba chake na ufunguo wake, ili Ngollo akivuruga, avuruge kwake. Akaagiza kwamba ikipita muda mfupi bila mtu kuiita, mashine ilale, na ikilala inalipiwa nafasi ya kumbukumbu tu, hela ya kutunzia begi stendi. Mtu akiiita, inaamka. Mwisho akaweka kikomo: hela ikifika hapa, kila kitu kinajizima, hakuna cha kujadiliana.

"Na majina ya watu wa kweli hayaingii humu," akaongeza. "Hiki ni chumba cha mazoezi. Tungeni majina."

Wakatunga. Vicheko nilivisikia mpaka kwenye mashine yangu ya kukoboa, na wateja wakaniuliza kama nyuma kuna harusi.

Kazi yenyewe niliwaletea mimi. Huwa nanunua asali kwa chama kimoja cha wafuga nyuki huko Ulyankulu, na kila msimu tunagombana: ndoo za nani, zimepokelewa lini, zimepungua wapi. Mwenyekiti wao, Mama Sikuzani, alitaka programu ya simu ya kuandikia mizinga na ndoo. Sikufanya wema. Chama chenye kumbukumbu safi kinauza haraka, na mimi nanunua haraka.

Mama Sikuzani akaja mwenyewe, kanga kiunoni, akawatazama kama anayekagua mbuzi.

"Hela ya majaribio ni hii," akasema. "Ikifika mpaka Jumamosi ya kutuonyesha, nitajua mnaweza kukaa karibu na asali bila kuilamba. Ikiisha kabla, msije. Yuko kijana wa Dar, Majidi, naye siku hiyo anakuja na ya kwake."

"Na tusipoimaliza?" Eustadia akauliza.

"Usipoimaliza ndiyo nakusikiliza. Bado kukupa kazi."

Alipoondoka, Elieth ndiye aliyesema lililokuwa kichwani mwa kila mmoja. Elieth ni mchoraji wa sura za programu, ulimi wake mkali, na kwa shangazi yake Mbagala alikuwa amekwisha kutandikiwa kitanda. "Dada Eustadia, nakupenda, lakini hii ndiyo ya mwisho. Tukiikosa, mimi naenda. Na hawa hawabaki." Wenzake wakatazama chini. Eustadia akajua kwamba akikosa kazi hii atabaki na chumba, na mashine inayolala, na hakuna wa kuiamsha.

Wiki ya kwanza ilikwenda kama ngoma. Wiki ya pili, Jumatatu asubuhi, napima mpunga wa watu, Eustadia akanijia na kompyuta mkononi, hacheki.

"Mama Renatus, kuna mtu anakula."

"Anakula nini?"

"Hela. Mashine haijalala tangu Alhamisi. Hata jana wakati wa misa ilikuwa macho."

Akawakusanya. Nani alifanya kazi Jumapili? Hakuna. Nani aliacha kitu kinaendelea? Hakuna. Elieth akaapa kwa bibi yake, mwingine akaapa kwa bibi wa Elieth. Ikabidi Eustadia afungue kumbukumbu za mlangoni, zile zinazoonyesha nani aliingia na alisema nini. Akasoma. Akasoma tena. Akaketi juu ya gunia.

"Kila dakika mtu anabisha hodi," akasema taratibu, "anasema 'Shikamoo', anaondoka."

Wote wakamgeukia Ngollo.

Ngollo ni Msukuma wa Igunga, mtoto wa wafugaji, mrefu kama nguzo ya umeme, na ana adabu iliyopita kiasi. Akikupigia simu kukuambia nyumba yako inaungua, atauliza kwanza habari za watoto.

"Nilikuwa naisalimia tu," akasema.

"Unaisalimia mashine?"

"Dada, sikiliza. Karani wa Mama Sikuzani alipokuja kuona tulikofika, nikafungua, ikawa imelala. Mgeni amesimama, mimi nimesimama, skrini nyeupe. Nikaona aibu. Mgeni anakuja kwako anakuta mzee wa nyumba anakoroma! Nikaandika kijiprogramu kidogo, kila dakika kinaiamkia, ili ikae macho."

"Kila dakika."

"Shikamoo haina gharama, dada."

"Hii ina gharama!" Eustadia akageukia wengine. "Lakini milango mingine mbona nayo inabishwa?"

Elieth akakohoa. "Niliona ya Ngollo inafunguka haraka, nikanakili kijiprogramu chake." Na mwenzake alinakili kwa Elieth, na wa nne kwa huyo. Wote walikuwa wanaiamkia mashine ile ile, usiku na mchana, bila kuambiana.

Nikasema, "Wajukuu wote hao kwa mzee mmoja, kila dakika! Hata marehemu babu yangu angehama nyumba."

Hapo ndipo Eustadia alipopasuka kwa kicheko. Akacheka mpaka machozi, na Ngollo akacheka kwa wasiwasi, kama mtu asiyejua kama amesamehewa. Walipotulia, Eustadia akapiga hesabu, na kicheko kikakatika. "Kwa mwendo huu Alhamisi tumezimwa. Tukiondoa salamu leo, labda. Labda."

Wakaziondoa. Lakini labda haitoshi kumpelekea Mama Sikuzani. Kila mmoja alikuwa na tabia ya kufanya kazi anapojisikia: huyu alfajiri, yule baada ya chakula, yule baada ya mpira. Kila anayeingia anaiamsha, na ikishaamka inakaa macho kidogo hata akitoka, na muda wote huo mita inahesabu. Eustadia akasimama mlangoni akitazama foleni yangu ya wateja na madebe yao.

"Mama, mbona huyu wa mbele hujamkobolea?"

"Siwashi mashine kwa debe moja. Nasubiri wawe wengi, nawasha mara moja, nawamaliza wote, nazima. Au unataka nifanyie kazi shirika la umeme?"

Akarudi ndani mbio. Nikamsikia anawapangia: kuanzia leo tunaingia pamoja na kutoka pamoja, kama kikundi cha kulima. Saa za kuandika bila kuigusa mashine, kila mtu aandike. Saa ya kujaribu, wote kwa mpigo. Ngollo akapewa kazi ya kupiga filimbi. Ndugu zangu, ile filimbi! Ikilia, vidole vinakimbia, watu wanapiga kelele "Yangu imepita!" "Yangu imekwama!" "Toka kwenye meza yangu!", ikilia tena wote mikono juu, kimya. Wateja wangu wakaanza kuchelewesha madebe makusudi ili waone. Kuna mama mmoja wa Cheyo alikuja kukoboa mpunga ambao ulikuwa umekwisha kukobolewa.

Hela ikaacha kukimbia, ikaanza kutembea. Lakini lilibaki jambo lile lile lililomtia Ngollo aibu: ukiiamsha mashine iliyolala, inachukua muda kabla haijajibu. Si mwingi, ila mbele ya mwenyekiti mwenye mashaka, skrini nyeupe ni mwaka mzima.

"Siku ya maonyesho tuiache macho," Elieth akashauri. "Siku moja tu."

"Hela ya siku hiyo ipo, ikiwa inalala katikati. Ya kukesha haipo." Eustadia alikuwa anazunguka kile chumba kidogo kama kuku anayetaka kutaga. Ghafla akasimama mbele ya Ngollo, akamshika mashati kwa mikono miwili, ingawa ilibidi anyooshe mikono juu kidogo.

"Wewe hukukosea kusalimia. Ulikosea wa kumsalimia! Msalimie mtu, acha mashine!"

Ngollo akapepesa macho.

"Mtu akifungua programu," Eustadia akaendelea, maneno yanagongana, "ukurasa wa kwanza uko ndani ya simu yake mwenyewe, haungoji mtu. Unamwamkia. Unamuuliza habari za nyumbani, habari za mizinga. Yeye anajibu. Huku nyuma tumekwisha kuigusa mashine, inaamka, inanawa uso. Akimaliza kujibu salamu, ghala liko wazi!"

"Na asiyetaka salamu? Akiwa na haraka?" Elieth akauliza.

"Ulyankulu? Nani ana haraka ya kutosalimiwa?"

Walipiga kelele ambazo zingesikika hata mashine yangu ikiwa inakoboa. Ngollo alipewa kuandika salamu, maana nani mwingine? Wakamzuia alipofika swali la kumi na mbili. Alikuwa ameshaingia habari za mashemeji.

Jumamosi tukaenda Ulyankulu na fuso langu, kwa sababu nilikuwa na ndoo tupu za kupeleka, sitoi gari kwa ajili ya kusindikiza watu. Hela ya majaribio ilikuwa imebaki kidogo sana, lakini ilikuwa imebaki.

Maonyesho yalifanyika kwenye stoo ya chama, katikati ya ndoo za asali, wanachama wamejaa mpaka nje na nyuki wachache waliokuja bila mwaliko. Majidi alikuwa ameshafika, shati limepigwa pasi, na Mama Sikuzani alipotaja kwamba kijana ni Mzaramo, nikajua tutacheka, maana Wazaramo na sisi ni watani tangu enzi za misafara.

"Wanyamwezi!" Majidi akaanza, anafukuza nyuki kwa karatasi. "Nimesafiri njia nzima mliyokuja nayo kwetu mkibeba mizigo ya watu. Leo na mimi nimewabebea."

"Weka chini basi," mzee mmoja akamjibu, "tuone kama hukula njiani."

Programu yake ilikuwa nzuri, simnyimi haki yake. Ukigusa inafunguka, michoro ya rangi, namba zinatembea. Watu wakanong'ona. Elieth akanikanyaga mguu.

Zamu yetu. Eustadia akampa Mama Sikuzani simu mwenyewe, akarudi nyuma. Mwenyekiti akagusa. Skrini ikasema kwa herufi kubwa: *Shikamoo, mama.*

Mama Sikuzani akaitazama. "Marahaba," akajibu kwa mdomo, na stoo nzima ikaangua kicheko.

"Gusa, mama, gusa jibu," Ngollo akamnong'oneza.

Akagusa. *Nyuki wameamkaje?* Chini pana majibu matatu: *Wazima. Wamehama. Wamenipiga.* Mama Sikuzani akasoma kwa sauti, na watu wakaanza kumchagulia. "Wamekupiga, mwenyekiti! Jana si ulivimba jicho?" "Gusa wamehama, wa Kashindye wamehama!" "Wa kwangu msiwataje!" akapaza sauti Kashindye mwenyewe kutoka nje. Mama akagusa *Wamenipiga*, na simu ikamjibu *Pole sana, mama.* Akaishika vizuri zaidi, kama mtu aliyepewa mtoto.

Na hapo ghala likafunguka. Orodha ya wafuga nyuki ikashuka skrini nzima, mizinga yao, ndoo zao. Nikamwona Eustadia anaachia pumzi.

Mama Sikuzani akakunja uso. "Huyu Nyuki Mkali Masega ni nani?"

Elieth akaziba mdomo kwa kiganja.

"Simjui! Nimekaa kwenye chama hiki tangu kianze, simjui, na ananizidi ndoo! Na huyu Bi Tamu Kuliko Sukari, mizinga yote hii ameitundika msitu gani?"

Eustadia akajaribu kueleza kwamba ni majina ya mazoezi, hawapo duniani, lakini alikuwa amekwisha kuanza kucheka na sauti haitoki. Ngollo akashika kazi, kwa adabu zake zote. "Mama, hao tuliwatunga ili siri zenu zisikae kwenye chumba cha majaribio."

"Basi mmewatunga wana bidii sana! Wapunguzeni!"

Hata Majidi alicheka mpaka akasahau nyuki, na nyuki hakumsahau.

Usije ukadhani salamu ndizo zilizotupa kazi. Watu wanaosema hivyo hawajawahi kununua asali Ulyankulu. Vicheko vilipotulia, Mama Sikuzani akafuta macho kwa ncha ya kanga, akauliza swali moja tu kwa wote wawili. "Ile miezi ambayo haturini asali, hakuna anayefungua hiki kitu. Nalipa nini?"

"Malipo ni ya mwezi, mama," Majidi akasema. "Itumike isitumike. Iko macho muda wote kwa ajili yenu."

"Nani kamtuma akeshe?"

"Ya kwetu inalala," Eustadia akasema. "Utalipa ya kutunza kumbukumbu, basi. Na hela ya majaribio hii hapa, angalia mwenyewe kilichobaki."

Mama akaangalia. "Kidogo hivi?"

"Tuliisalimia sana," Ngollo akasema kwa unyonge.

Majidi, ambaye si mjinga, akasema wakubwa wake wanaweza kukubali ya kwao nayo ilazwe. "Waulize," Mama Sikuzani akamwambia kwa upole, "ukipata jibu, msimu ujao karibu, mtani. Leo chukua ndoo moja uende nayo, usiseme Wanyamwezi walikunyima."

Halafu akamgeukia Eustadia na kuanza kushusha bei, na hapo nikavuta kiti. Wale wawili walikwenda hivi: mmoja anashusha, mwingine anacheka, mmoja anatishia kumwita Majidi arudi, mwingine anafunga kompyuta na kuaga, stoo nzima ikichukua upande na kubadilisha. Walipopeana mikono, kila mmoja alikuwa na uso wa mtu aliyemwibia mwenzake. Hiyo ndiyo dalili ya bei nzuri.

Njiani kurudi hawakukaa mbele, walipanda nyuma pamoja na ndoo zangu zilizojaa, wakiimba vitu visivyo na mwanzo wala mwisho. Nilikuwa nao huko huko, kuangalia mifuniko, dereva wangu nimemwacha mbele peke yake. Tulipopata mtandao, Elieth akapiga simu Mbagala, ananing'inia kwenye ukingo wa fuso, upepo unamchukulia maneno.

"Shangazi, shikamoo! Kile kitanda mpe mtu mwingine! ... Hapana, siumwi! ... Nimepata kazi! ... Huku huku! ... Asali, shangazi! ... Ndiyo, na kompyuta! ... Sijalewa!"

Ngollo akainama juu ya simu. "Shikamoo, shangazi! Habari za Mbagala?"

"Muulizeni kama anatuona!" Eustadia akapiga kelele, na hakuna aliyejua ana maana gani, hata yeye.

Elieth akaziba sikio moja, akasikiliza, akanigeukia. "Anauliza ndoo ya asali mnauza shilingi ngapi."

"Lete hiyo simu," nikasema.